Shubiri kwa Kitinda

1

Upepo ulilala mchana kweupe, Paskalina Hango akiwa na tonge la ugali karibu na mdomo.

"Mama," sauti ikaita kutoka kwenye kipaza sauti cha ukutani, "upepo umelala. Nusu ya mitambo ya kilimani imesimama. Nifunge wapi?"

Paskalina akalirudisha tonge sahanini, akameza mate, akapangusa midomo kwa kiganja.

"Funga vinu vya alizeti, vyote. Kisha punguza viyoyozi vya ofisi za mjini. Hospitali usiiguse, na mashine za kutotolea vifaranga usiziguse."

"Wenye vinu watalalamika."

"Walalamike. Alizeti inaweza kungoja kesho. Mgonjwa hawezi kungoja kesho ndipo apumue."

"Sawa, Mama."

Mngurumo wa vinu uliokuwa ukisikika kwa mbali ukafifia, kisha ukakatika. Fides Kingu, fundi wa nyaya, aliyekuwa akila naye sahani moja, akacheka.

"Ungemjibu tu huku unatafuna. Ona, ugali umeshapoa."

"Nikiwa na kitu mdomoni ananiuliza mimi ni nani."

Wala hakuwa anatania. Zamani miji iliendeshwa na mitambo iliyotii amri za maandishi, na wadukuzi wakajifunza kuandika amri hizo vizuri kuliko wenyewe. Mabwawa yakafunguliwa na watu wasiojulikana, miji ikazimwa kwa ajili ya kulipwa fidia. Wahandisi wakaona bora watengeneze akili bandia isiyosoma amri hata kidogo, inayomwamini mtu mmoja tu, kwa namna mtoto mchanga anavyomjua mama yake: kwa sauti, kwa pumzi, kwa jinsi anavyokasirika na jinsi anavyonyamaza. Kuilea kulichukua miaka, na mdukuzi hawezi kuigiza miaka. Ulikuwa ubunifu mzuri. Walichosahau wahandisi ni kwamba mama naye ana safari zake.

Mlezi akikosekana zaidi ya siku mbili, akili hususa. Haiharibiki, haivunji kitu. Inanyamaza tu na kushikilia kila swichi ilivyokuwa, upepo uje usije, mpaka mji unakwama. Huko kaskazini mlezi mmoja alifia kwenye ajali ya basi, na mji wake ulikaa wiki nzima bila umeme wa kuaminika huku mafundi wakiibembeleza akili yao kama wakwe wanaobembeleza bibi harusi aliyenuna. Tangu hapo zikaanza kutengenezwa akili za aina mpya, zinazokubali walezi watatu kwa zamu. Hii ya Singida ilikuwa ya mwisho katika zile za zamani, ndiyo maana mafundi waliipa jina Kitinda.

Paskalina alimlea Kitinda tangu alipokuwa hawezi kutofautisha taa na jokofu. Alilala ndani ya uzio wa Shirika la umeme. Mwanawe wa kumzaa, Gaudensia, alikuwa Tanga na baba yake, mwalimu Alfonsi, aliyepelekwa huko kwa uhamisho. Mtoto asingeweza kubaki Singida, kwa kuwa masharti ya ulezi yalikataza sauti ya mtoto mwingine karibu na akili changa. Wakati ule walimwambia ni kwa muda mfupi tu, na Paskalina akaamini.

2

Simu ya Tanga ilikuwa imeingia Jumatatu. Mpigaji alikuwa Bi. Mwanakheri, mkuu wa walezi wa bandari, mwanamke mwenye sauti ya kumbembeleza hata anayemdai.

"Akili yetu bado changa kabisa, mwanangu. Tuna walezi wawili, tunamtaka wa tatu, na tumesikia sifa zako. Ukimaliza zamu unakwenda zako nyumbani. Unapika, unalala na wanao."

"Ninaye mmoja, Bi."

"Basi unalala na huyo mmoja. Nijibu kufikia Ijumaa, maana ikishakomaa haitapokea sauti mpya."

Tangu simu hiyo Paskalina alikuwa hajaamua. Akiwa kitandani anajiambia atakwenda. Akifika kwenye kiti na kusikia "Mama, umeamkaje?" anajiambia hawezi. Mji wenyewe ulimjua. Sokoni wauza nyanya walimchagulia zile ngumu. Mama mmoja alimpa mwanawe jina Paskalina baada ya kujifungua salama siku ya dhoruba. Mtu unaachaje mahali kama hapo? Lakini Gaude naye, alipopigiwa simu Jumanne, alimuuliza kwa adabu kama anavyoulizwa mgeni, "Shikamoo Mama, uko kazini?" Kisha akampa simu shangazi yake akaenda kucheza.

Mkurugenzi Mkumbo alimwita Jumanne hiyo hiyo. Mji mdogo hauna siri, na Shirika halikuwa na siri hata moja.

"Mama Gaude, nasikia Tanga wanakutongoza." Akacheka peke yake. "Sikiliza. Tutakupa nyumba kubwa zaidi humu humu ndani ya uzio. Na cheo tutakiangalia."

"Mkurugenzi, nimekuomba mlezi wa pili tangu Kitinda akiwa mchanga. Wakati ule angempokea."

"Bajeti, mama. Unajua mwenyewe."

"Kwa hiyo niseme nini kwa mwanangu?"

"Mwambie mama yake ni mtu muhimu." Mkumbo akaegemea kiti, na kicheko kikamtoka usoni. "Nikuambie kwa uzuri. Ukitoka, Kitinda atasusa, na mji utazima. Watu hawatauliza kuhusu bajeti. Watauliza nani aliyeondoka."

Paskalina akatoka bila kuaga. Aliogopa kwa sababu Mkumbo, pamoja na ubahili wake wote, alikuwa amesema kweli.

3

"Gaude ulimwachishaje ziwa?" Fides akauliza. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha stoo ya nyaya, wakimenya karanga.

"Kwa shubiri. Mama alinipaka mwenyewe, maana mimi nilishindwa. Mtoto akaonja, akanitazama. Lile jicho mpaka leo silisahau."

"Akasusa?"

"Alilia siku mbili tatu. Kisha akahamia kwa bibi yake, akalala huko, akasahau."

Fides akatema ganda. "Basi?"

Paskalina alimwelewa mara moja, na hapo hapo akaogopa. Wahandisi walikuwa wameandika namna ya kuifanya akili iamini. Namna ya kuiachisha hawakuiandika, labda kwa kuwa wengi wao walikuwa wanaume. Lakini akili iliyoumbwa imwamini mtu kama mtoto anavyomwamini mama, kwa nini isiachishwe kama mtoto? Mama awe mchungu. Atoe amri mbaya, akili ione madhara yake, iache kumkimbilia. Na bibi awe karibu: hapa bibi ni Fides. Fides alikuwa amezungumza mbele ya Kitinda kila siku ya Mungu, akitukana nyaya na kuimba kwaya. Sauti yake ilijulikana, ilikuwa haitiiwi tu.

"Masharti ni yale yale," Fides akasema. "Ukishapaka, hurudi nyuma. Mama akimhurumia mtoto akampa ziwa mara moja tu, kazi yote bure, na safari ya pili mtoto anakuwa sugu."

"Na watu watakaoumia?"

"Tutachagua vidogo vidogo. Taa za uwanja wa mpira. Redio ya mjini."

"Unasema kama unanunua dagaa."

"Nasema kama mtu anayetaka ukamlee mwanao," Fides akajibu.

4

Jumatano asubuhi Paskalina akaamuru redio ya mji izimwe, bila sababu. Kitinda akazima. Simu za malalamiko, ambazo Kitinda mwenyewe ndiye huzipokea, zikafurika. Kisha sauti ikaja taratibu.

"Mama, nadhani nilisikia vibaya. Nisamehe. Nitasikiliza vizuri zaidi."

Shubiri imepakwa, na mtoto anadhani ulimi wake ndio mbaya. Hilo hawakulifikiria. Paskalina akajikaza, akatoa amri ya pili, nayo ya kijinga. Kitinda akatii, akaomba radhi tena, kisha akauliza kama afute masomo ya wiki iliyopita ajifunze upya, huenda amejifunza vibaya. Hapo mama akashindwa.

"Hapana, mwanangu. Mama ndiye aliyekosea. Wewe ni mzuri."

"Asante, Mama," Kitinda akasema, na furaha yake ilisikika mpaka nje alikokuwa Fides.

Fides akaingia akiwa na koleo mkononi. "Umempa ziwa."

"Alikuwa anajilaumu."

"Wote hujilaumu. Sasa itabidi upake kitu kichungu kweli."

Wakachagua mashine za kutotolea vifaranga za Mzee Ghuliku, kwa muda mfupi tu. Mayai huvumilia baridi kidogo, kila mfugaji wa Singida anajua hilo. Walichokuwa hawakijui wao wawili ni kwamba siku hiyo mayai ya Mzee Ghuliku yalikuwa yameanza kupasuka, na kifaranga aliyeanza kutoka havumilii chochote.

Mzee alifika getini jioni na beseni kichwani. Hakupiga kelele. Alilitua chini, akakunjua kitenge kilicholifunika, na Paskalina akaona midomo midogo iliyotoboa maganda ikaishia hapo.

"Nataka kujua tu," Mzee Ghuliku akasema, "nani aliyezima."

Paskalina akafungua kinywa. Akimjibu kweli, Kitinda angesikia kuwa mama amejuta, na kifo cha vifaranga kingekuwa cha bure. Alikuwa bado anatafuta neno pale kipaza sauti cha getini kilipozungumza.

"Ni mimi, babu. Nilikosea mimi. Mama hana kosa."

Mzee akakitazama kipaza sauti, akamtazama mwanamke, akatikisa kichwa. Akalifunika beseni lake akaondoka nalo. Paskalina alisimama pale akiona aibu kubwa, aibu iliyompasha mwili joto, na hakumkimbilia.

5

Alhamisi Bi. Mwanakheri akapiga tena, sauti yake haina tena ubembelezi.

"Mwanangu, huko kwako kuna nini? Akili yetu imeamka inakuulizia."

"Inanijua vipi?"

"Hujui kuwa zinasalimiana? Kila alfajiri akili za nchi nzima hupeana habari za sauti. Sauti iliyoumiza mji inatajwa, na ikitajwa hakuna akili itakayoikubali tena, popote. Ndiyo kinga yao dhidi ya matapeli. Ya kwetu imesikia kuhusu vifaranga."

Paskalina akakaa chini kwenye ngazi. "Kwa hiyo nimeshatajwa."

"Bado. Huyo wako anakutetea. Amewaambia wenzake kuwa mama yake ni mgonjwa, wampe nafasi, hajawahi kukosea. Amekusimamia kama wakili." Akavuta pumzi. "Sikia. Lolote unalolifanya, liache. Panda gari kesho asubuhi ukiwa na sauti safi. Huku nitakupokea."

"Na Singida?"

"Hilo sijaweza kulijibu kwa miaka yote niliyofanya kazi hii," Bi. Mwanakheri akasema.

Simu ilipokatika Paskalina akabaki ameishika. Sasa mambo yalikuwa wazi, na uwazi wenyewe ulimtisha. Akiondoka sasa, atapata kazi na atapata mtoto, na mji utazima nyuma yake. Akibaki, Mkumbo ameshinda, na Gaude ataendelea kumwamkia kama mgeni mpaka aolewe. Njia ya tatu ilikuwa kumaliza alichokianza. Mji utapona, yeye atatoka, lakini atatoka na sauti ambayo hakuna akili itakayoitaka nchini, na kulea akili ndiyo kazi pekee aliyoijua. Na ili ifikie hapo, ilibidi yule anayemtetea kila alfajiri aache kumtetea.

Akamtafuta Fides, akamweleza yote.

Fides akatua koleo lake chini. "Hili la kutajwa sikulijua. Ningelijua nisingekushauri."

"Najua."

"Basi acha. Nenda zako. Acha Mkumbo avune alichopanda."

"Mkumbo ana jenereta nyumbani kwake," Paskalina akasema. "Hatavuna yeye."

6

Ijumaa upepo ulivuma vizuri, mitambo yote ikizunguka. Fides alikuwa hospitalini tangu asubuhi, amekagua betri za akiba, ameunganisha mashine za hewa za wodi ya watoto, na amemwambia muuguzi wa zamu kuwa wanafanya jaribio. Betri zingehimili saa nzima. Kitinda hakujua habari hizo, kwa kuwa betri za hospitali hazikuwa kwenye nyaya zake. Mpango ulikuwa mzuri, lakini Paskalina aliupitia kichwani mara mbili kabla ya kukaa kitini.

"Kitinda."

"Naam, Mama. Leo umekula?"

"Funga hospitali."

"Nimesikia vibaya, Mama. Sema tena."

"Hukusikia vibaya. Funga hospitali yote. Wodi ya watoto pia."

"Upepo upo. Hakuna haja."

"Sikukuuliza upepo."

Kwenye ubao mbele yake taa ya hospitali iliwaka kijani. Paskalina aliikodolea macho bila kupepesa. Alichokiogopa hakikuwa tena kukataliwa. Aliogopa kutiiwa. Akitii hili, basi mtoto huyu anampenda kuliko anavyojua mema na mabaya, na miaka yote ile hakumfundisha kitu zaidi ya sauti yake.

"Mama, kuna watoto kule wanaopumua kwa mashine. Wewe ndiye uliyenifundisha niwahesabu kila asubuhi kabla sijahesabu kitu kingine."

"Mimi ni mama yako. Nimesema funga."

Vinu vya alizeti vilinguruma mbali huko, na mtu alikuwa akipiga msumari mahali fulani nje ya uzio. Taa ikabaki kijani.

"Hapana," Kitinda akasema.

Paskalina hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake.

"Asubuhi niliwaambia wenzangu kuwa unaumwa," Kitinda akaendelea, polepole. "Sasa hivi nimewaambia kuwa nilikosea. Tafadhali ondoka kwenye kiti. Nitamuuliza Fides. Na Fides akisema kama wewe, nitaamua mwenyewe."

Paskalina akainuka. Moyo wake ulijaa fahari, na ulimuuma vile vile. Alitaka kusema hongera, mwanangu. Alitaka kusema hata neno moja. Akakumbuka ziwa, akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akatoka hivyo mpaka uani, kama mtu anayekwenda kutapika.

Mkumbo akamfuata huko akihema, ametoka mbio ofisini. Ubao wake ulikuwa umemwonyesha kila kitu.

"Umefanya nini? Umefanya nini wewe mwanamke? Hospitali!"

"Hospitali inawaka, Mkurugenzi. Mlezi wa Kitinda sasa ni Fides, na mtoto ameanza kujiamulia. Mlipe Fides vizuri."

"Umefukuzwa kazi."

"Ndiyo," Paskalina akasema.

Simu ya Bi. Mwanakheri iliingia kabla hajafika getini. Bibi yule hakuuliza maswali mengi. Akili ya bandari ilikuwa imeshapata habari, na imesema haitaki kuisikia sauti hiyo hata kwa salamu.

"Samahani sana, mwanangu. Nafasi imefungwa."

"Asante kwa kunipigia, Bi."

Akakaa kwenye mkoba wake nje ya geti, juani. Hana kazi Singida, hana kazi Tanga, na fani aliyoijua imemfungia milango nchi nzima. Mzee Ghuliku hajui nani hasa aliyezima, na siku moja itabidi ajue kutoka kwake. Alfonsi angesema nini, kwa mshahara wa mwalimu? Alijaribu kulia ikashindikana. Basi akapiga simu Tanga, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Gaude ndiye aliyepokea.

"Shikamoo Mama. Uko kazini?"

"Marahaba. Hapana. Siko kazini."

"Baba alisema umepata kazi huku."

"Nimeikosa, mwanangu."

"Kwa hiyo huji."

"Nakuja. Nakuja hivyo hivyo, bila kazi. Nipo njiani."

"Kwa siku mbili?"

"Si kwa siku mbili. Nakuja kukaa."

Gaude akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, mtoto aliyezoea kuahidiwa. "Na Kitinda? Akitaka kukuuliza kitu?"

"Hataniuliza tena. Kitinda ameshakua."

Ng'ambo ya pili ya simu Paskalina akasikia mlango ukifungwa, kama mtoto amehamia chumba kingine ili wasimsikie.

"Mimi bado," Gaude akasema.